Haibridi Mbele ya Mafundi wa Gerezani

Tangu nianze kuendesha kigari changu cha haibridi, kuna swali moja ambalo nimeulizwa na kila mtu: mhariri wangu, binamu zangu, jirani ninayepanga naye nyumba moja, hadi askari wa usalama barabarani aliyenisimamisha kukagua leseni. Hawaulizi kinakimbia vipi. Hawaulizi hata kinakula mafuta kiasi gani, ingawa mafuta ndiyo yaliyonifanya nikinunue. Wanauliza: "Kaka, spea zake unapata wapi? Na betri ikifa?"

Wapo wanaosema swali hili ni uoga wa Wabongo kwa kila kitu kipya. Mimi sikubaliani nao. Naona ni swali lenye akili na lenye historia ndefu. Mtu wa Dar anajua kwamba gari huwa lako mara mbili. Mara ya kwanza ni siku jina lako linapoandikwa kwenye kadi. Mara ya pili ni siku mtaa unapojua kulifungua na kulifunga tena likatembea. Ukiipata ya kwanza ukaikosa ya pili, una banda la kuku lenye matairi manne. Na mtaa unaoamua mambo hayo katika jiji hili ni Kariakoo, hasa upande wa Gerezani kwenye maduka ya spea. Leo nataka kulijibu swali hilo kwa kirefu, na itabidi turudi nyuma kidogo.

Sitataja kigari changu ni cha kampuni gani. Hili si tangazo, na mengi nitakayosema yanahusu haibridi ndogo nyingi za Kijapani.

Kwa asiyejua, haibridi ni mseto. Kama ule mseto wa mchele na choroko, vitu viwili vinapikwa chungu kimoja: injini ya petroli na mota ya umeme. Huchomeki waya ukutani. Umeme mwingine unazalishwa na injini yenyewe, mwingine unatoka kwenye breki. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta, na ile nguvu ambayo kwenye gari la kawaida hupotea kama joto inarudi kwenye betri. Ukisimama, injini inazimika. Ukiondoka taratibu, mota ndiyo inayokusukuma. Sasa fikiria jiji lenye foleni kama za kwetu, gari linasimama na kuondoka mara mia kati ya Mnazi Mmoja na Buguruni, utaelewa kwa nini nililipenda wazo hili.

Wazo lenyewe ni kongwe. Ferdinand Porsche alitengeneza gari la mseto huko Austria yapata mwaka 1900. Lakini petroli ilikuwa rahisi na betri zilikuwa nzito, wazo likalala kwa miongo mingi. Waliokuja kuliamsha na kuliuza kwa wingi ni Wajapani. Toyota walimpa mhandisi Takeshi Uchiyamada timu ya kubuni gari la karne ya 21, na Desemba 1997 Prius ikaanza kuuzwa Japani, mwezi uleule ambao mataifa yalikuwa Kyoto yakiandika itifaki ya kupunguza hewa chafu. Honda wakafuata na Insight mwaka 1999. Desemba 2011 ikaja Toyota Aqua, ndogo na nafuu kuliko Prius, ambayo leo ukisimama Mnazi Mmoja kwa muda utaiona ikikatiza.

Sasa turudi Kariakoo. Jina la mahali hapa ni jina la usafirishaji. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, eneo hili likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Midomo ya watu wa pwani ikalainisha maneno hayo yakawa Kariakoo. Tunalitaja jina kila siku bila kukumbuka wapagazi wale walikuwa nani. Walikuwa ndio malori ya vita ile. Magari yalikuwa machache, barabara hazikuwepo, mbung'o waliua farasi na punda, kwa hiyo mzigo ukawekwa kichwani mwa Mwafrika. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Ukimwona leo kuli wa Mtaa wa Congo akipita na robota mgongoni akipiga kelele "pisha, pisha," jua kwamba kazi yake ni ya zamani kuliko jengo lolote la soko unaloliona pale. Hata lile jengo maarufu lililobuniwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na moto wa Julai 2021 ukaliunguza.

Mwaka ule soko linafunguliwa, mwenye gari binafsi Dar alikuwa mtu wa kuhesabika. Wakubwa walikuwa na Benzi, ndiyo maana Afrika Mashariki ikazaa neno Wabenzi, kabila lisilo na kijiji. Waliobaki walipanda mabasi ya UDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1974, yakiwemo yale marefu ya Ikarus kutoka Hungaria. Kisha mambo yakaharibika moja baada ya jingine. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni. Katika miaka ile ya uhaba magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mzee wangu anasimulia kwamba barabarani palikuwa kimya kiasi kwamba watoto walicheza mpira katikati ya lami.

Naomba msomaji uitazame miaka ile kwa jicho la fundi. Gari likiharibika hakuna spea. Kuagiza haiwezekani, fedha za kigeni zipo chini ya kibali. Fundi afanye nini? Anachonga. Bushi inachongwa kwenye tairi kuukuu, kipande cha gari moja kinalazimishwa kwenye gari jingine, kilichovunjika kinaungwa kwa moto. Serikali nayo ilikuwa na ndoto yake ya kujitegemea. Pale Kibaha jeshi lilianzisha kituo cha Nyumbu, na mafundi wake wakaunda lori la Kitanzania lenye jina hilohilo. Nyumbu hakuwahi kujaa barabarani. Lakini mtaani ile shule ya uhaba ilizaa kizazi cha mafundi ambao hawakuamini kwamba kuna kitu kisichofunguka. Kizazi hicho ndicho kilichofundisha kizazi kilichofuata chini ya miembe na katika zile tunazoziita gereji bubu, bila daftari wala cheti.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1983, serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo mtaani iliitwa dala, nasi tukapata neno daladala. Bajeti ya mwaka 1984, iliyosomwa na Cleopa Msuya, iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezitoa wapi. Mwaka 1985 akaingia Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi. Bandarini vikaanza kushuka vitu ambavyo watu walikuwa wamevisahau, na miongoni mwake magari ya Kijapani yaliyokwishatumika.

Kwa nini Japani? Kuna sababu mbili ambazo hazikupangwa na mtu yeyote wa kwetu. Kwanza, Wajapani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wa gari lao uko mahali pake. Pili, kwao gari dogo jipya linatakiwa kukaguliwa baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, ukaguzi wa gharama unaoitwa shaken. Gari likishakuwa na umri fulani, Mjapani anaona nafuu aliuze. Linapakiwa melini, zamani mara nyingi kupitia Dubai, sasa zaidi moja kwa moja, na linashuka kwetu likiwa bado lina harufu ya udi wa mwenyewe wa Yokohama. Dunia nzima inafanya hivyo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje ya nchi yalikotumika, na mengi yalikuja Afrika.

Ndipo gari likashuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa karani. Vitz ilitoka Japani mwaka 1999, IST mwaka 2002, na miaka michache baadaye zilikuwa zetu. Wenye magari makubwa walivicheka vigari hivyo wakaviita "baby walker". Vikacheka vyenyewe mwisho. Leo mwalimu, nesi, mwandishi wa habari na dereva wa teksi za kuitwa kwa simu wote wamekaa humo. Kijana wa leo anayetaka gari anakesha na kikokotoo cha TRA mtandaoni, anabadilisha mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini mpaka kodi ifanane na mfuko wake. Gari likifika, mtaa unalisoma kwa herufi: hii namba C, hii namba D, huyu bwana kashusha namba E. Hata asiyejua kusoma ramani anajua kusoma namba za magari.

Lakini kwa nini IST na siyo gari jingine zuri la Kifaransa au Kijerumani la bei hiyohiyo? Jibu liko Gerezani. Nenda siku moja hata kama huna gari. Kabla hujashuka, vijana watatu wameshakufikia: "Bosi, unatafuta nini? Injini gani, NZ?" Ukimpa kifaa kibovu ulichokifunga kwenye gazeti anakigeuza mara moja na kukwambia kimetoka gari gani. Kisha anakupa madaraja. Kuna mpya orijino. Kuna mpya ya Kichina. Na kuna ya mtumba, iliyong'olewa kwenye gari lililokatwa vipande huko Japani au Dubai, ambayo wengi wanaiamini kuliko mpya ya kubahatisha. Kila kipande cha IST kipo, kuanzia taa hadi kitasa, na ndiyo maana wezi nao wanaipenda, na ndiyo maana wenye magari Dar wanachora namba zao kwenye vioo na taa kama watu wanaochanja mifugo.

Gerezani ndiyo bima yetu. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa siku kadhaa wakilalamikia kodi, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza, watu walizungumza sana kuhusu nguo na vyombo. Wachache walisema kwamba wiki ile ukiharibikiwa gari mahali popote jijini, ulikuwa unasubiri Kariakoo ifunguliwe. Na siyo jijini tu. Mteja wa pale anaweza kuwa wa Mwanza, Lubumbashi au Moroni.

Sasa katika mji huo ndimo inapoingia haibridi, nalo swali la "spea zake unapata wapi" linapata uzito wake. Mtu hakuulizi duka. Anakuuliza kama umeshakubaliwa na Gerezani.

Nusu ya jibu ni rahisi, na wengi hawaijui. Injini ya petroli iliyomo ndani ya Aqua, na katika Prius za vizazi viwili vya mwanzo, ni ya lita moja na nusu ya ukoo wa NZ, ndugu wa injini ya IST. Ni ndugu waliolelewa tofauti, maana ile ya haibridi imerekebishwa ili ibane mafuta zaidi na nguvu inayopungua ijazwe na umeme. Lakini fundi aliyefungua NZ kwa miaka ishirini hakai mbele yake kama mgeni. Breki, bushi, shokomzoba, taa na vioo ni mambo ya kawaida. Vipo ambavyo havipo kabisa: Toyota za haibridi hazina starta wala alteneta, kazi hizo zinafanywa na mota zilezile. Vitu viwili vinavyosumbua magari yote ya Dar, kwenye haibridi huvitafuti.

Nusu ya pili ni betri kubwa, na hapa ngoja nieleze yaliyonikuta. Siku moja dashibodi iliwaka alama ya pembetatu nyekundu. Nilikwenda gereji moja yenye kibao kizuri na sakafu ya vigae. Walichomeka mashine yao, wakatikisa kichwa, wakaniambia betri imekufa, inatakiwa mpya, na bei waliyonitajia ilikuwa mshahara wangu wa miezi kadhaa. Hapo hujanunua chakula wala hujalipa kodi ya nyumba. Nilishakusanya akiba miaka mitatu kununua kile kigari, na nilimwahidi mama kwamba Krismasi nitampeleka nacho Morogoro.

Rafiki akanielekeza kwa fundi mmoja wa Gerezani, mtu wa makamo, asiye na kibao. Hakuanza na mashine. Alifungua mlango wa nyuma, akapiga magoti, akanionyesha tundu lenye matundumatundu pembeni ya kiti. "Mdogo wangu, unajua hili ni nini?" Sikujua. "Hii ndiyo pua ya betri." Alifungua, akatoa feni ndogo, nayo ilikuwa imevaa vumbi na nywele kama paka. Betri ya haibridi inapoozwa na hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari. Japani hewa hiyo ni safi. Gongo la Mboto na Mbagala ni hadithi nyingine. Pua ikiziba betri inapata joto, kompyuta inajilinda, pembetatu inawaka. "Betri yako haijafa," akasema, "inakosa pumzi."

Ilikuwa hivyo kwa sehemu. Aliposafisha feni alipima betri yenyewe, akakuta kipande kimoja kimechoka kuliko wenzake. Kumbe betri ile si jiwe moja. Ya Prius ya mwaka 2003, na ile ya 2009, ina vipande 28 vilivyopangwa kama mikate kwenye mfuko, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 201.6. Ya Aqua ina vipande 20, jumla volti 144. Kipande kimoja kikichoka kinazivuta chini betri zote, lakini unaweza kukitoa na kuweka kingine kilichong'olewa kwenye betri ya gari lililokatwa.

Ndugu msomaji, nilipoliona hilo nilicheka peke yangu. Kariakoo imekuwa ikifanya nini siku zote? Inapokea jumla na kuvunja rejareja. Gunia linakuwa kilo, kilo inakuwa fungu, katoni inakuwa kimoja kimoja. Sasa imeichukua betri ambayo kiwanda kinaiuza kama kitu kimoja, imeivunja, inaiuza kwa kipande. Hakuna aliyewatuma wala aliyewafundisha darasani. Wamejifunza kwa video za mafundi wa Pakistani na Ghana kwenye simu, na kwa kufungua.

Baada ya hapo nimejifunza kuishi nacho. Sipakii tena kiroba cha mchele juu ya pua ya betri. Najua kwamba mbali na betri kubwa kuna ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote, na hiyo ndogo ikifa gari zima linalala hata kama kubwa imejaa, maana ndiyo inayoamsha kompyuta. Mvua ikinyesha sipiti Jangwani maji yakiwa yamefunika lami, na wala sitamshauri mwenye gari lolote apite, achilia mbali mwenye betri ya namna hiyo chini ya kiti. Kwenye foleni napata kilomita 18 hadi 20 kwa lita, na mwaka 2022 petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita ndipo nilipoanza kuyapigia hesabu magari haya.

Jambo moja tu sijalizoea. Ukiingia nacho mitaa ya ndani ya Kariakoo taratibu, injini inazimika na kinatembea kimya kabisa. Mkokoteni haukusikii. Machinga aliyepanga viatu barabarani hakusikii. Kuli mwenye robota hakusikii. Wajapani waliliona tatizo hilo, na mwaka 2010 serikali yao ikatoa mwongozo wa kuyapa magari ya namna hii sauti ya kutengeneza. Mengi yaliyotoka kabla ya hapo hayana. Pale Mtaa wa Congo nafungua kioo na kusema mwenyewe, "Samahani mzee, naomba kupita." Wanashtuka kama wameona jini.

Sasa nije kwenye linaloninyima raha. Historia niliyosimulia ni ya mafundi waliojifundisha wenyewe kwa kukosea. Ukikosea kufunga bushi, gari linagonga-gonga, unalifungua tena. Ukikosea kwenye betri ya volti 201 unaweza usipate nafasi ya kurudia. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230 na tunajua unavyoua. Ndani ya kigeuza umeme cha magari haya volti hupandishwa hadi zaidi ya 500. Kuna utaratibu: zile waya za rangi ya chungwa haziguswi kabla plagi ya usalama haijatolewa, unasubiri dakika kadhaa umeme uliobaki ushuke, unavaa glovu maalumu za mpira. Fundi wangu anaufahamu utaratibu huo. Kijana anayemsaidia alikuwa amevaa kandambili.

Halafu kuna udanganyifu. Kipande cha mtumba ni cha mtumba. Ukibadilisha kimoja leo, kingine kinaweza kuchoka baada ya miezi, na muuzaji asiye mwaminifu anafuta alama kwenye kompyuta, anakuuzia gari likiwa limepona kwa wiki moja. Na vile vipande vilivyokufa kabisa vinakwenda wapi? Vina nikeli na kemikali kali. Nimeviona vimerundikwa pembeni ya vyuma chakavu.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Mongolia, ambako barafu ya Ulaanbaatar inashuka chini ya nyuzi 30 za hasi, imejaa Prius za mtumba kutoka Japani mpaka wageni wanashangaa. Serikali yao kwa miaka mingi ilizisamehe haibridi ushuru wa bidhaa. Kwetu kikokotoo kinaangalia zaidi ukubwa wa injini na umri wa gari. Sisemi tuige kila kitu, maana msamaha wa kodi bila mafundi ni kukaribisha mizoga. Ninachosema ni kwamba mwaka uleule wa 1997 Prius ilipozaliwa, Bunge letu lilipitisha sheria iliyokifanya Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kuwa Taasisi ya Teknolojia, DIT. Kipo pale kona ya Morogoro na Bibi Titi, mwendo wa miguu kutoka Gerezani. DIT hiyohiyo imejijengea jina kwa kufunga mitungi ya gesi asilia kwenye magari ya petroli. VETA ya Chang'ombe nayo si mbali. Elimu ya chuo na uzoefu wa mtaa vimetenganishwa na barabara chache tu, na kozi fupi ya jioni kwa mafundi wa gereji bubu, kwa Kiswahili, bila kudai cheti cha kidato cha nne, ingeokoa mikono na pengine roho za watu.

Kwa hiyo jibu langu kwa mhariri, binamu na askari ni hili: spea zipo, mafundi wanaojua wapo lakini bado wachache, na kabla hujanunua mtafute fundi kwanza, gari baadaye. Mwombe afungue feni, apime kila kipande cha betri mbele ya macho yako, na usikubali kuonyeshwa dashibodi isiyo na alama ukaambiwa hiyo ndiyo afya.

Mimi kwa upande wangu nimepata kazi ya Jumapili. Fundi wangu ana kitabu cha matengenezo alichokipata kwenye simu, kurasa mamia kwa Kiingereza, na anasema Kiingereza chake kinaishia kwenye majina ya vifaa. Tumeanza na sura ya usalama. Nasoma, natafsiri, naandika kwenye daftari. Yeye ananisahihisha, maana nilipoandika "kikondakta cha umeme mkubwa" aliniuliza kwa upole ni nani Gerezani ataelewa hicho, akaniambia niandike "waya za chungwa". Tumefika ukurasa wa kumi na moja. Yule kijana wa kandambili sasa anavaa viatu, na glovu tumeshaziagiza.